Stima Ndogo

Mwikali, mwaitu,

Umetoka sasa hivi kwenda kanisani, vijana wenzako wakuombee safari. Ukungu umeshuka mpaka kwenye miparachichi ya jirani na jua halijazama, kwa hiyo najua nina muda wa kutosha. Mchungaji wetu akisikia baridi ndipo huomba zaidi. Nimeondoa vyombo mezani, nimekaa upande wa dirisha, na nimechukua kalamu yako nyekundu kwa sababu zangu zote zimeisha kwa kuandika majina ya watu juu ya betri zao. Utanisamehe kama barua yote inaonekana imesahihishwa na mwalimu.

Mambo ya blanketi, mafuta ya ngozi, simu ndani ya basi na watu wa kukwepa huko Mombasa, shangazi yako Kamene ameyasema yote, mengine mara mbili. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na wiki nzima nimejaribu kulisema kwa mdomo nikashindwa. Jana nilikuita kwa sauti ya mtu mwenye neno, ukaja mbio na unga wa chapati mikononi, nikakuuliza kama umeona plaizi yangu. Plaizi ilikuwa inachungulia mfukoni mwa shati langu. Uliiona, ukarudi jikoni.

Unaenda kusomea stima. Sokoni Kikima watu wananipa mkono, wanasema fundi amezaa fundi, kana kwamba nilikaa chini nikapanga. Sikupanga. Baada ya yaliyotupata, ningekuwa na ruhusa ya kukuchagulia, ningekuchagulia kazi ya kuuza maua. Lakini umechagua mwenyewe, na mimi niliyekufundisha kushika bisibisi kabla hujajua kufunga kamba za viatu sina mdomo wa kukataa.

Ngoja nianzie Kalamba. Mama yako alipokuwa akiisimulia hadithi hii mimi nilitoka nje kuangalia ng'ombe ambaye hakuhitaji kuangaliwa, kwa hiyo upande wangu hujawahi kuusikia.

Nilikuwa kijana, nina amplifaya moja na spika za kukodisha, nazunguka kwenye mikutano ya injili. Siku hiyo sokoni Kalamba watu walikuwa wengi, na wazee wa kanisa wakaja kuniambia kwamba wa nyuma hawasikii. Nilikuwa na spika nyingine kwenye mkokoteni. Nikazileta zote, nikazifunga kando kwa kando kwenye matundu yale yale ya amplifaya. Wewe leo ungeniambia kitakachotokea kabla sijawasha: kila spika unayoongeza kando ya nyingine ni njia mpya unayoifungulia stima, njia zikizidi ukinzani wa jumla unashuka, na ukinzani ukishuka ampea zinapanda. Mimi nilijua tu kwamba spika nyingi ni sauti nyingi. Kwaya ilipofika ubeti wa pili, amplifaya ikatoa moshi.

Msichana aliyekuwa anaongoza hakunyamaza. Aliinua sauti, wenzake wakamfuata, na watu wa nyuma wakasikia vizuri kuliko walivyokuwa wakisikia mashine yangu. Wimbo ulipoisha akaja akasimama juu yangu nikipepea amplifaya kwa kofia.

"Ni nini imeharibika?"

"Hii mashine ni mbovu," nikasema. "Ilikuwa mbovu kutoka dukani."

"Na hizo spika umeongeza?"

"Spika hazina shida."

Akaniangalia, akacheka. "Kumbe wewe ni mtu wa kutokosea."

Nilidhani ni sifa, nikatafuta kwao, nikamposa. Tulikaa pamoja miaka mingi na alilirudia neno hilo mara nyingi, wakati mwingine akinitania na wakati mwingine akiwa amechoka kabisa. Sikuwahi kujua tofauti, na sasa ningependa kumuuliza.

Sasa nakuja kwenye stima ndogo.

Huko uendako watakushangaa ukilitaja jina hilo, lakini huku kwetu unajua stima ni mbili. Kuna stima kubwa, ya nguzo, ambayo mtoto anachapwa akiikaribia. Na kuna stima ndogo, ya sola na betri, ambayo mtoto anashika nyaya zote mbili na hasikii kitu. Jina hilo nililikuta, sikulitunga mimi. Lakini kati ya hapa na mji wa Wote sidhani kuna mtu aliyelieneza kuliko mimi. Ulikuwa unaniona dukani. Nalowesha vidole kwa mate, nashika betri pande zote mbili, nawageukia wateja: "Mnaona? Hii ni stima ndogo. Hata ikitaka kukuua haina nguvu." Watu wanacheka, wananunua, na mimi nacheka nao.

Kitu ukikiita kidogo, unakifanyia kila kitu kidogo kidogo. Waya nyembamba, tepu mzunguko mmoja, fyuzi siku nyingine. Na wala si kwamba sikusoma. Kwenye chuo cha ufundi mwalimu alituchorea ile pembetatu: volti juu, ampea na ukinzani chini, funika unachokitafuta kwa kidole na vilivyobaki vitakuambia ugawanye au uzidishe. Akatuambia pia kwamba volti mara ampea ndiyo nguvu, ndizo wati. Niliyajibu kwenye mtihani, nikapita, nikayaacha ubaoni. Dukani nilikuwa na kidole changu. Nashika waya, ikiwa baridi iko sawa, ikiwa na moto nabadilisha. Niliwaambia hata vijana wa mafunzo kwamba hesabu ni za watu wasio na mikono.

Laiti ningekaa na hesabu moja tu. Chukua mzigo wa wati mia na themanini. Ukiubeba kwa stima ya nguzo, yenye volti mia mbili na arobaini, ampea hazifiki hata moja. Mzigo ule ule ukiubeba kwa betri ya volti kumi na mbili, unahitaji ampea kumi na tano. Volti zimepungua mara ishirini, kwa hiyo ampea zimeongezeka mara ishirini, maana kazi ni ile ile. Na kinachoichemsha waya ni ampea. Ukizifanya ampea ziwe mara mbili, joto ndani ya waya linakuwa mara nne. Kwa hiyo ile tuliyoiita ndogo ndiyo inayotaka waya nene kuliko zote, na mimi nilikuwa nimeigeuza miguu juu kichwa chini maisha yangu yote ya kazi.

Ile Julai unaikumbuka. Baridi ilikaa juu ya Mbooni kama haina kwao. Mama yako alikuwa ameleta vifaranga, jiko la makaa likawapa moshi, wengine wakafa, na yeye akawa analia kimyakimya akidhani sioni. Nikamwambia aache jiko, mimi ni fundi, nitampashia banda joto kwa sola. Nikatoa taa nne za mbele kwenye lori bovu, za volti kumi na mbili, nikazining'iniza juu ya maranda. Betri ilikuwa stoo. Waya niliyokuwa nayo haikufika bandani, nikaiunga na kipande kingine chembamba zaidi, nikakisokota kwa vidole, nikazungusha tepu. Nikaipitisha chini ya gunia ili vifaranga wasiidonoe. Taa zikawaka, nyekundu kidogo kuliko nilivyotarajia. Nikasema betri imechoka. Mama yako akaniita mwanamume wa maana mbele ya dada zake, na nilitembea hivyo wiki nzima.

Halafu asubuhi moja tulikuwa mezani hapa nilipoketi sasa. Wewe ulikuwa unamimina chai. Mama yako akaingia kutoka bandani, akasema:

"Baba Mwikali, hawa vifaranga wako na maneno. Hawalali chini ya taa zako. Wanarundikana pale kwa gunia, karibu na ukuta."

"Labda wanaogopa mwangaza."

"Nimeweka mkono hapo. Kuna joto."

Nikacheka mpaka chai ikaniingia puani. "Asi! Mama Mwikali, sasa kuku ndio mafundi?"

Na yeye akacheka kwa sababu mimi nilicheka. Wewe hukucheka. Nakumbuka vizuri, kwa sababu niligeuka kuona kama umecheka, nikaona unaiangalia birika.

Kesho yake nilikuja na wageni wawili waliotaka kutengenezewa banda kama letu. Tukasimama mlangoni mwa banda, nikawa nawahubiria stima ndogo. Ukatokea upande wa nyuma, mita yangu ya kupimia volti imening'inia shingoni mwako, mkono wa kushoto umefunguka, na kiganjani kuna wino. "Baba," ukasema. Neno hilo moja tu. Nikaona wino, nikadhani ni mambo yenu ya shule.

"Mwaitu, leta chai, wageni wanasikia baridi."

Ukafunga mkono, ukaenda. Wageni wakasema nina binti mwenye adabu, na mimi nikawaambia, "Huyu wangu hana maneno." Nilisema kwa majivuno. Kwetu msichana hamkosoi baba yake mbele ya wageni, na mimi nilikuwa nimekulea ukijua hivyo kuliko ulivyojua jina lako. Na jina lenyewe ni la mama yangu, ndiyo maana nakuita mwaitu, mama yangu. Nyanya yako huyo hakuna aliyemkatiza akizungumza, hata chifu. Wewe nilikupa jina lake lote, ila hiyo sehemu nikaibakiza.

Yaliyofuata unayajua, lakini nitayaandika kwa sababu tangu mazishi hakuna mtu aliyeyataja ndani ya nyumba hii. Ulikuwa shuleni, mimi nilikuwa dukani. Kijana wa bodaboda akaja akiendesha katikati ya wachuuzi wa nyanya, akaniambia nipande. Nilipofika banda lilikuwa limeungua, limelala chini. Majirani walikuwa wamemtoa mama yako. Walisema alikuwa ameshatoka salama, na boksi la vifaranga mikononi, akaliweka kwenye nyasi, akarudi ndani kuwachukua wengine. Mbao na maranda havimngoji mtu.

Kule hospitalini Wote alikuwa anaongea. Aliniuliza kama vifaranga walitoka. Nikamwambia wengi walitoka. Aliniuliza kama umekula. Nikamwambia umekula, na sikujua kama umekula, sikujua hata ulikuwa wapi. Nilikaa kando ya kitanda nikimngoja aniulize habari ya gunia. Nilikuwa na jibu, nililifanyia mazoezi kwenye korido. Hakuniuliza. Mpaka anafariki hakuniuliza, na ningependa angenitukana, Mwikali. Ningekuwa na kitu cha kushika.

Unakumbuka makaburini niliposimama nikasema ni waya yangu. Watu walinishika mabega. Walisema mzee amechanganyikiwa kwa huzuni, stima ndogo haiwezi kuchoma nyumba, yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Wengine wakaanza kutafuta ni nani aliyetuonea wivu. Niliona jina langu la dukani likinirudia kwa midomo ya watu wengine. Walikuwa tayari kumshuku jirani asiye na hatia kuliko kuishuku waya.

Kwa hiyo nikaenda nyuma ya duka, kwenye udongo mtupu. Nilikuwa na kipande kilichobaki cha waya ile ile, na taa za namna ile zilikuwa bado kwenye gereji. Nikaunga kama nilivyounga, nikazungusha tepu kama nilivyozungusha, nikaweka gunia juu. Nikapima. Kwenye betri, volti kumi na mbili. Kwenye taa, volti tisa. Ampea, kumi na tano. Nikachora ile pembetatu kwa kijiti kwenye vumbi, mara ya kwanza tangu mtihani.

Volti kumi na mbili gawanya kwa kumi na tano, ukinzani wa njia nzima ni sifuri nukta nane. Volti tisa za taa gawanya kwa kumi na tano, sifuri nukta sita. Zilizobaki, volti tatu, zilipotelea njiani. Tatu gawanya kwa kumi na tano, sifuri nukta mbili. Huo ndio ukinzani wa waya yangu. Ukiuona umeandikwa unaudharau, hata omu moja haifiki. Halafu nguvu. Volti tatu mara ampea kumi na tano: wati arobaini na tano. Betri ilikuwa inatoa wati mia na themanini, taa zinapata mia na thelathini na tano, na hizo arobaini na tano zilikuwa ndani ya waya, nyingi kati yake mahali pamoja, penye urefu wa kidole, nilipofunga tepu. Betri haikuwa imechoka. Nilikuwa nimetengeneza kipasha joto cha tano bila kujua, nikakifunika gunia, na vifaranga wakakitambua kabla yangu.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Tepu ikaanza kutoa harufu, kisha gunia likawa jeusi pale pale katikati. Nikachomoa waya. Nililia sana siku hiyo, na kijana wa duka la pili akafunga mlango wake taratibu asinione.

Tangu wakati huo umeona nikitoka na baiskeli na mzigo wa waya nene. Nilirudi kwenye kila nyumba niliyoikumbuka. Kuna mama mmoja karibu na Kiboko, taa zake zilikuwa zinawaka vizuri kabisa, akaniuliza, "Kwani imeharibika?" Nikamwambia bado, na ndiyo maana nimekuja. Aliniona mtu wa ajabu. Sijalitamka tena lile jina la stima ndogo, na anayelitamka dukani kwangu anakula somo zima kabla hajanunua hata balbu.

Sasa habari zako.

Nilikuona ukibadilika. Ulianza kuchomoa kila kitu ukutani kabla ya kulala. Ulianza kupapasa kuta na kiganja. Ulipokuwa unaniita Baba, uliniita kwa jambo ambalo tayari umeshaliamua wewe mwenyewe, hukuniuliza tena. Nikasema ni hasira. Nikasema binti yangu amenikasirikia na ana haki, na nikaipokea hasira yako nikaishi nayo. Nitakuambia ukweli, ilinifaa. Mtu aliyekosa anapumua vizuri kidogo akiwa na mtu wa kumkasirikia. Hata hapo nilikuwa najifikiria mimi.

Jumapili iliyopita nilichelewa ibada. Nilipita mlango wa nyuma, nikakaa benchi lililo nyuma yenu, na hukuniona. Mchungaji akasema kila mtu aombe kwa maneno yake, kwa sauti. Unajua inavyokuwa, kanisa zima linapaza sauti na hakuna anayemsikia mwenzake, na ndiyo maana watu husema pale wasiyoyasema popote. Ulikuwa umeinamisha kichwa kwenye benchi la mbele. Mimi nilikuwa karibu sana.

"Bwana nisamehe," ulisema. "Nilikuwa na hesabu kwa mkono. Nilijua na nikanyamaza. Nimeua mama."

Kisha ukairudia, kwa namna ya mtu aliyeizoea, kama unavyosema sala ya chakula. Ndipo nikajua si mara ya kwanza. Na ndipo nikajua ule wino ulikuwa nini.

Sikuomba siku hiyo. Niliangalia mgongo wako. Nikawa nawaza kwamba muda wote huu tumekaa meza moja, mimi nikidhani unanikasirikia, na wewe ukidhani umeua, na chumvi tunapitishiana. Tangu Jumapili nimekuwa nikijiuliza pia unaenda Mombasa kufanya nini. Kama unaipenda kazi hii, nenda. Mwezi uliopita nilikuona umeirudishia uhai ile redio ya mchungaji, ukacheka peke yako, na uso ulikuwa wa mama yako kabisa. Mtu mwenye uso huo aende akasome. Lakini kama unaenda kutumikia kifungo, shuka njiani, hata pale Emali, upige simu, nitakuja kukuchukua na hakuna atakayekuuliza swali. Kamene nitamnyamazisha mwenyewe.

Nimefikiria jinsi ya kukufariji. Ningeweza kukuambia ulikuwa mtoto. Ningeweza kukuambia ulikuwa na heshima. Ni kweli zote mbili, na najua hutazilalia, kwa sababu usiku utajiambia kwamba mtoto mwenye heshima angeweza kungoja wageni waondoke. Kwa hiyo nitakupa lingine ambalo ni chungu zaidi, na nina hakika nalo kuliko hesabu yoyote ya kwenye barua hii.

Tuseme ungesema. Tuseme ungesimama pale mlangoni ukaniambia, "Baba, volti tatu zinapotea kwa waya." Mtu aliyesimama pale namjua, nimeishi ndani yake. Angecheka. Angewageukia wageni akasema, "Mnaona faida ya shule?" Angeinama akashika waya kwa kidole pale ilipo baridi, akakuonyesha. Tuseme ungengoja wageni waondoke. Angekuambia betri imechoka. Ungemwandikia hesabu yote na kumwekea chini ya sahani, karatasi hiyo angeifutia mikono. Mke wake, aliyeweka mkono wake mwenyewe juu ya joto, alimwambia kwa lugha ya wazi, asubuhi, akiwa ametulia. Umeona mwenyewe alivyomjibu. Huyo mtu alikuwa haambiliki, Mwikali, na banda lingeungua siku ile ile, saa ile ile, hata kama ungesema mpaka sauti ikauke.

Haikuwa rahisi kuyaandika hayo, kwa sababu nilitaka sana iwe vingine. Nilitaka kuwa baba ambaye angesikia kama angeambiwa tu. Ningekuwa na hicho cha kushika, ningelala. Lakini nikikibakiza, wewe ndiwe utakayekilipia, na umelipa vya kutosha.

Basi sikia neno moja, na ni kuhusu lugha tu, wala si stima. Ulizaliwa na kelele. Mkunga alisema hajaona mtoto mwenye madai kama wewe. Ulipoanza kusema uliuliza kila kitu, uliniuliza kwa nini giza haliwaki. Ukimya hukuja nao. Uliwekwa ndani yako, kidogo kidogo, na mtu mzima aliyeupenda kwa sababu ulimstarehesha.

Huko Mombasa utaenda kanisani, na utaomba, najua. Ukifika mahali pale, usiseme tena ulivyozoea kusema, kwa sababu unamwambia Mungu kitu kisicho kweli. Hukunyamaza. Ulinyamazishwa. Liseme hivyo, kwa sauti, na akikuuliza ni nani, mtajie jina langu.

Baba yako